Mlango Uliolowa

Baba yako akistaafu, utamweka wapi?

Usijibu haraka. Wengi wetu humweka sebuleni mbele ya televisheni, tukamkabidhi rimoti, kisha tukajisifu kwa watu kwamba mzee wetu anapumzika. Gari bovu nalo hupumzika hivyohivyo, juu ya matofali.

Eliakimu alipumzishwa namna hiyo. Alitoka Rombo akiwa kijana, akauza mapazia na mashuka Kariakoo mpaka kichwa kikawa cheupe, kisha mwanawe Benedict akamwambia kwa upole, "Mzee, sasa kaa. Umefanya kazi ya kutosha." Duka likabaki kwa Benedict, sebule ikabaki kwa Eliakimu. Mkewe, Severa, alikuwa ameshafariki, kwa hiyo sebule yote ilikuwa yake.

Kilichomtoa pale ni Darasa la Alhamisi. Hicho ni kikundi cha wastaafu wanaokutana nyumbani kwa Kanubhai, aliyekuwa akiuza madaftari na kalamu Mtaa wa Msimbazi na bado anaishi ghorofani, juu ya lililokuwa duka lake. Hawaombi msaada kwa mtu. Wanafundishana. Siwema, muuguzi mstaafu na mwenyekiti wao, aliwafundisha kumwokoa mtu aliyekabwa na tonge. Kanubhai ndiye aliyejifanya amekabwa, na alijifanya vizuri mno hadi mkewe, Taraben, akaanza kulia. Wiki iliyofuata Taraben akawafundisha achari ya ndimu, huku akiwa bado hajamsamehe.

Kila Jumatano jioni Eliakimu alipiga pasi shati lake mwenyewe. Evelyn, mke wa Benedict, alishaacha kumuuliza anaenda wapi. Uso wa mzee ulitosha kumjibu.

Lakini Darasa lilikuwa na sheria: anayefundishwa naye afundishe. Zamu ikikupita mara mbili, unampisha mwingine, maana viti ni vichache na wanaovisubiri wapo. Zamu ya Eliakimu ilikwishapita mara moja. Siku hiyo alisema ana mafua.

Hakuwa na mafua. Alikuwa anajua kitu kimoja tu duniani, nacho ni kuuza. Siri za muuzaji ukizigawa kwa wateja, umemvua mwanao nguo barabarani. Lakini asipozigawa, angerudi sebuleni, safari hii moja kwa moja.

Alhamisi ya zamu yake ya pili ikafika. Wote walikuwa wamekaa, chai imeshamiminwa.

"Mangi," Kanubhai alimwambia Eliakimu, kwa jina ambalo Kariakoo humwita kila Mchaga mwenye duka, "leo mafua yameamkaje?"

"Yameisha. Leo nawafundisha kununua."

"Kununua tunajua," Siwema alisema. "Mimi nimenunua maisha yangu yote."

"Umeuziwa, Mama Siwema. Kununua bado."

Siwema akaweka kikombe chini. Eliakimu akaendelea kwa sauti ileile aliyokuwa akitajia bei. Mteja wa kwanza wa asubuhi, alisema, haachwi aondoke mikono mitupu. Akiondoka hivyo, muuzaji anaona siku nzima imeingia nuksi. Atamkubalia bei yake hata kama hapati kitu, ataigusisha noti yake kwenye bidhaa kuomba riziki, kisha ndipo siku inaanza.

"Hiyo nani haijui?" Taraben aliuliza. "Kila duka wanasema, nifungulie biashara, mama."

"Wanasema mpaka saa ngapi?"

Taraben akafikiri. "Mpaka jioni."

"Basi hapo ndipo mnapouziwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nasema mpaka alasiri."

Siwema akamgeukia. "Yale mapazia ya kijani niliyonunua kwako mchana, jua la utosi, ukaniapia kwamba mimi ndiye wa kwanza?"

"Ulikuwa wa kwanza kuyanunua yale mapazia."

Kanubhai alicheka mpaka Siwema akamtupia jicho la kiuuguzi.

"Sasa mkweli tunamjuaje?" Siwema aliuliza.

Eliakimu aliona duka akilini, akamwona Benedict akifungua milango. Kisha akaona rimoti.

"Tazameni chini," alisema. "Muuzaji wa Kariakoo akifungua hunyunyiza maji mlangoni, kutuliza vumbi na kuita riziki. Mlango ukiwa bado umelowa, anasema kweli. Ukikauka, anakuuzia. Taja bei yako, weka kitu chini polepole, geuka uende. Usiangalie nyuma."

Siwema ndiye mwenyekiti, akatoa uamuzi. "Somo la vitendo halijaisha mpaka lijaribiwe. Kesho asubuhi tutalijaribu. Likifanya kazi, unabaki."

"Mtalijaribu wapi?"

"Ninapodai mapazia."

Kesho yake asubuhi Eliakimu alipita Mnazi Mmoja kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kanisani. Alijibanza nyuma ya muuza kahawa, ng'ambo ya duka ambalo hakuwa amelikanyaga tangu aambiwe akae. Benedict alikuwa ameshanyunyiza mlango na kuweka kopo la maji chini, na wastaafu walikuwa wamesimama mlangoni wakibishana nani wa kwanza. Siwema alishinda kwa kuingia.

Shuka akalishika, bei akaitaja, shuka akaliweka chini polepole. Akageuka. Hakuangalia nyuma. Alifika katikati ya barabara, na Benedict akawa nyuma yake na shuka mkononi, anamwita mama, anamwambia basi, basi, chukua. Akapokea noti, akarudi akiigusisha kwenye kila robota la mashuka, kama alivyofundishwa na baba yake.

Siwema alivuka mpaka kwa muuza kahawa. "Umefaulu, Mangi. Kiti ni chako."

Eliakimu alikuwa anamtazama mwanawe. Benedict naye alikuwa amemwona, akajua ni nani aliyewafundisha wazee wale. Baba na mtoto waliangaliana juu ya vichwa vya wapita njia, hakuna aliyepunga mkono. Kisha Benedict akainama, akaokota kopo, akanyunyiza maji upya mlangoni, taratibu, kizingiti chote.

"Mzee wangu," Benedict alimwambia Kanubhai, aliyekuwa bado amesimama nje, "nifungulie biashara."

Kanubhai akatazama chini, akaona mlango umelowa, akaingia.