Watu Arobaini na Tisa

Kakangu alipofungua duka lake kule Burnsville, Marekani, kilichomnyima usingizi hakikuwa wateja. Kilikuwa zimamoto.

Aliuza mafuta ya mmea wa jamii ya bangi, ile aina isiyolevya, iliyoruhusiwa na sheria. Ndiyo mafuta yaliyompa mkewe nafuu miezi ya mwisho ya saratani. Matone machache chini ya ulimi, na yule mtu aliyekuwa akilia usiku kucha analala. Tulipomzika, kakangu akasema atafungua duka, na kabla hajauza hata chupa moja watu wa kanisa letu waje waliombee, kama tunavyoombea kila kitu: gari jipya, saluni, mtoto akipata digrii. Alitaka waone kwa macho yao kwamba hafichi kitu.

Mkaguzi wa zimamoto alikuwa mzungu mrefu, mpole. Alipofika mlango wa nyuma akasimama. Kakangu alikuwa ameuwekea grili ya chuma na kufuli mbili, kazi safi kabisa, utadhani uko Nairobi. Mkaguzi akauliza, moto ukiwaka watu watatokea wapi?

"Na nikiitoa, mwizi si ataingilia hapo?" kakangu akamjibu.

Wacha nicheke! Mzungu hakucheka. Mlango huo, alisema, lazima ufunguke kwa kusukumwa tu kutoka ndani, bila ufunguo. Grili ikang'olewa. Rafu nazo zikapunguzwa urefu, zisikaribie vinyunyizio vya maji vya dari. Mkaguzi aliporudi aliridhika, na ukutani kikabandikwa kibao: mwisho watu arobaini na tisa.

Hapo ndipo kakangu alipochanganyikiwa. "Watu wetu unawajua," aliniambia. "Ukialika familia moja, inakuja na mabinamu kutoka mji wa Shakopee." Alikuwa amealika kanisa zima, nao walikuwa wameitikia, ndiyo, tutakuja, Mungu akipenda. Akaniweka mlangoni na kazi moja tu: nisiruhusu mtu wa hamsini. Waliobaki wangengoja ndani ya magari, waingie kwa zamu. Hata alinifanyisha mazoezi ya kumwambia mchungaji asubiri kidogo bila kumkosea heshima.

Jumamosi ya maombi nilipika pilau, trei kubwa kubwa. Tulizifunga kwa blanketi zibaki na joto, maana vile vishumaa vya kupashia chakula kwenye sherehe kakangu alivikataa katakata, asije akavunja masharti siku ya kwanza. Viti akavipanga mbali na mlango wa nyuma. Saa nane mchana nikasimama mlangoni na koti langu, baridi inang'ata masikio. Kila gari likipunguza mwendo najiweka sawa, natabasamu. Aki, yote yalikuwa ya wateja wa duka la kucha la jirani.

Kumbe kundi la kina mama wa kanisa kwenye simu lilikuwa limewaka tangu asubuhi. Ati atakayeonekana akiombea bangi atawaambia nini watoto wake! Wa kwanza kuandika alikuwa mama ambaye kakangu alimpeleka hospitali kusafishwa figo msimu mzima wa baridi, kwa gari lake, kwenye theluji ile. Nilitamani kumtukana. Mpaka leo natamani.

Jioni mchungaji akapiga simu. Kakangu aliiweka kwenye spika ili nami nisikie.

"Tunakukumbuka katika maombi, ndugu yangu," alisema, "lakini tukiwa huku huku."

"Asante, mchungaji," kakangu akajibu. "Asante sana."

Alishukuru kwa adabu kabisa. Mimi niliingia chooni nikalia, kwa uchungu na kwa hasira.

Nilipotoka alikuwa anakunja viti. Nikamwambia basi tuombe sisi wawili. Akatikisa kichwa. Nikamwambia hao ni wanafiki watupu, siku wakiugua watakuja wenyewe kupiga hodi. Alikunja kiti, akakiegemeza ukutani, akachukua kingine.

"Dadangu," alisema mwishowe, bila kunitazama, "ingekuwa ni matanga yangu, wangejaa hadi nje."