Tatu Iliyofumba Mdomo

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa chumba cha chapa pale Tanga alibandika ukutani karatasi ya tarakimu tupu, akaniamuru niisome kutoka mlangoni, jicho moja nimelifumba. Nilikosea mara nne. "Atakayeisoma kazi yako hana miwani, hana muda, na mtoto analia," akaniambia. "Mpangie yeye herufi." Mzee yule hakuwahi kugusa kompyuta, na bado aliijua kazi kuliko wakurugenzi wote walioniongoza baadaye.

Nilipohamia Sydney, Australia, nilianzia mtaa wa Cabramatta, kutengeneza mabango ya maduka chini ya meneja aliyetaka kila neno lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha nikaajiriwa na halmashauri moja ya magharibi ya jiji, kitengo cha tovuti, kwa cheo cha mkaguzi wa usomekaji. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba mwenye mtoto wa jicho, mwenye simu iliyopasuka kioo na mgeni anayeunga herufi za Kiingereza wote wanasoma bila kubahatisha. Tulitumia fonti za usanifu kwa wote, yaani maumbo ya maandishi yaliyochorwa makusudi ili herufi na tarakimu zisifanane. Mdomo wa 3 huachwa wazi kabisa, hata ukiipunguza isigeuke 8.

Miezi michache kabla ya korona akaja mkurugenzi mpya wa mawasiliano. Alitaka tovuti "ipumue". Wakaletwa wabunifu wanaovaa viatu bila soksi, wakatuletea fonti ya kijivu, nyembamba kama uzi, ambayo 3 yake ilikuwa imefumba mdomo. Niliandika barua ya kuipinga. Akaniita ofisini.

"Chombo cha kupima usomekaji kimesema imepita," alisema. "Anayelalamika ni wewe peke yako, Hamisi."

Nilimjibu kwamba chombo kinapima tofauti ya rangi ya maandishi na ya ukurasa, hakipimi macho ya mtu aliyechoka. Akasogeza mbele yangu fomu ya kuidhinisha. Nikatia saini.

Korona ikaja. Mitaa yetu ya magharibi ikabanwa kuliko mingine, ofisi zikabaki viti vitupu, na tovuti ndiyo ikawa dirisha la kila shida. Humo tuliweka namba ya simu ya kuomba chanjo kwa wazee wasioweza kutoka nyumbani.

Bi Salma, jirani yangu wa Auburn, alikuwa mfanya usafi katika makao ya wazee. Mumewe, Mzee Juma, alikuwa hasogei bila mtungi wa oksijeni. Bi Salma aliinakili namba ile kutoka kwenye simu yake, akaiandika kwa tarakimu kubwa kwenye kipande cha kadibodi, akakibandika kwenye friji. Wiki mbili alipiga kila mapumziko ya chai. Iliita tu, haikupokelewa. Alidhani serikali imezidiwa. Mzee Juma aliugua kabla ya kuchanjwa, akafia hospitali, mkewe akimuaga kupitia simu.

Tuliporuhusiwa kutembeleana nilikwenda kumhani. Nikakiona kile kipande cha kadibodi kwenye friji. Namba ile nilikuwa naijua kichwani, na ilimalizikia 3. Yake ilimalizikia 8. Nilimaliza chai yangu nikaondoka bila kumwambia nilichokiona.

Kesho yake nilimwandikia mkurugenzi kila kitu. Fonti ya zamani ilirudishwa kabla ya chakula cha mchana. Asubuhi moja tu! Kikaoni tukaambiwa ni maboresho ya kawaida na tusilizungumze nje. Hasira ile ninayo mpaka leo, wala sitaki inipungue. Ninyi mnaoingia kazi hii mtaambiwa fonti ni urembo. Msikubali.

Nilistaafu kwa keki na hotuba. Wiki iliyofuata nikaenda kwa Bi Salma. Ndipo nilipojua kwamba mwanawe mkubwa alikwishagundua kosa la ile namba, akamwambia mama yake kuwa alinakili vibaya. Tangu hapo Bi Salma hajajaza fomu yoyote. Watoto wanamjazia, na yeye anakubali kwamba ndiye aliyemcheleweshea baba yao chanjo. Nikamweleza yote, pamoja na saini yangu.

"Nimekusikia, kaka," akasema. "Sasa waambie wanangu."

Wakaja Jumapili, wote watatu. Kiswahili wanakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, basi nikawaeleza kwa Kiingereza ili asibaki wa kusema hakuelewa. Nikaeleza chombo cha kupima, nikaeleza maneno ya mkurugenzi na ile saini yangu. Yule mkubwa akanikatiza.

"Uncle, why did you sign?"

Nilimtazama Bi Salma.

"Nilitaka nistaafu kwa amani," nikamjibu kwa Kiswahili.

Kijana akanipa mgongo, akaenda kukaa karibu na mama yake.