Faruma ya Baba

Mpaka leo mtu akinimwagia shanga, hata kwa bahati mbaya, napandwa na hasira. Wanangu hunicheka. Hawajui kwamba utoto wangu umepita sakafuni, katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, nikichambua shanga nyekundu na nyeupe mpaka macho yaume.

Mama alikuwa akiwatungia maharusi shanga za kiunoni, na akishona kofia za viua, zile za kitambaa cha bafta nyeupe zenye vijitundu vilivyozungushiwa uzi wa hariri. Vifaa vyake vyote vilikaa ndani ya bweta moja kubwa la mbao. Shanga zilitiwa kwenye makopo ya maziwa, kila rangi na kopo lake. Nyuzi zilifungwa ndani ya kipande cha kanga kuukuu zisifubae, na sindano zilichomekwa kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta ya nazi zisishike kutu. Mabaki ya bafta hayakutupwa, hata yaliyokuwa madogo kama ukucha. Kila kitu kilikuwa na pahala pake ndani, isipokuwa faruma.

Faruma ni kipande cha mti kilichochongwa kwa kipimo cha kichwa. Kofia ikishafuliwa na kutiwa wanga huvishwa hapo mpaka ikauke, la sivyo husinyaa, na ikishasinyaa haimfai tena mwenyewe. Yetu ilichongwa kwa kichwa cha baba. Ilikaa juu ya bweta, na kofia yake juu yake.

Kofia hiyo ilikuwa bado mbichi baba alipoitwa. Ulikuwa mwaka wa Mapinduzi. Watu walibisha hodi asubuhi, wakamwita kwa jina lake, naye akaitika "Naam" kwa sauti yake ya kila siku. Baba hakuwa mtu wa kutoka kichwa wazi. Hata akienda kununua kibiriti alivaa kofia. Aliigusa, akaona bado ina maji. Mama alimwomba awaambie wamngojee kidogo tu, ikauke.

"Nnakuja sasa hivi," alisema baba. "Usiivue kwenye faruma mpaka nije."

Akatoka kichwa wazi. Hatukumwona tena.

Mama aliuliza kila alipoweza kuuliza, na kila pahala aliambiwa arudi nyumbani akalee watoto. Akarudi, akalea. Kofia ilipojaa vumbi aliifua, akaitia wanga, akaivisha tena palepale. Kofia za kuuza tulizianika juu ya bakuli la mchuzi tulilolipindua, kwa sababu faruma ilikuwa na mwenyewe. Shangazi, dada yake baba, ambaye alihamia kwetu baada ya siku hizo, alimwambia wazi kwamba yeye bado kijana, aende kwa kadhi afunguliwe aolewe tena, na kwamba hata yeye, ndugu wa mume, hatamlaumu. Mama alimwomba ampe mkasi.

Kazi ya kupanga bweta ilikuwa yangu, na nilijiona nimeonewa. Nilikuwa nikizichambua shanga zote vizuri, rangi kwa rangi, na kesho yake nazikuta zimechanganyika. Nilimshuku mdogo wangu wa kiume, nikampiga makofi bure. Halafu mchana mmoja nilirudi mapema kutoka chuoni, nilikosoma Kurani, nikamkuta mama mwenyewe anamimina kopo hili kwenye lile, anazikoroga kwa kiganja, kisha anakaa chini na kuanza kuzichambua upya moja moja. Nilikwenda kumshitakia shangazi.

"Mwache," aliniambia. "Mikono yake inatafuta pa kukaa."

Sikumwelewa. Niliona wote wawili wananifanyia stihizai na mzaha.

Miaka ikapita na vitu vikaadimika. Duka la Mlandege tulikokuwa tukinunua hariri lilifungwa, mwenyewe akaondoka. Bafta ikawa ya kuulizia kwa kunong'ona. Mama alifumua kofia mbovu ili apate uzi, na makopo yakabaki na shanga za kufunika kitako tu. Hata hizo alizichanganya.

Mdogo wangu, ambaye baba alimwacha ananyonya, sasa alikuwa anakwenda kusali Ijumaa, na kofia aliazima kwa jirani. Ilimwangukia machoni kila akisujudu, wenziwe wakamcheka. Alhamisi moja alisimama mbele ya bweta, akaitazama faruma.

"Mama, ile si kofia ya baba?" aliuliza. "Kwani yeye anaivaa lini?"

Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua. Shangazi alijifunika uso kwa ukaya, na mimi nikainamia makopo yangu. Mama aliendelea kushona mpaka uzi ukamwishia.

Kisha akainuka. Aliivua ile kofia, akaichovya kwenye maji ya moto, akaikamua kwa nguvu, jambo ambalo hakuna mshonaji kofia anayelifanya, akapanda nayo darini, juu ya paa bapa la nyumba. Niliona amepitiwa. Nilichukua faruma, ilivyo nzito, nikamkimbilia. Nilimkuta ameshaitandaza juani, juu ya jiwe.

"Mama, umesahau faruma."

"Sikusahau," alisema.

Tulisimama tukiitazama ikisinyaa. Nilitaka kuinyakua, maana niliona baba akija haitamwingia. Nilikuwa msichana mkubwa, na bado ndivyo nilivyowaza. Nilipomtazama mama usoni ndipo nilipofahamu, nikalia kwa sauti, na yeye hakuninyamazisha.

Kesho yake alimvisha mdogo wangu. Ilimkaa sawasawa, akatoka mbio asichelewe msikitini.

Hatukukaa matanga. Hakuna aliyekuja kutupa mkono wa pole, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kuna maiti. Mama alinituma tu nipange bweta vizuri. Nilitoa kila kitu, makopo, nyuzi, mabaki ya bafta, nikailaza faruma chini kabisa, halafu nikarudisha vitu juu yake. Mama alisimama nyuma yangu akiangalia, na hakuniambia niitoe.