Mama Posta na Simu Iliyokwama Mombasa

Mama Posta amefariki. Habari ilinifikia asubuhi katika kundi la simu la watu wa Garsen, imebanwa kati ya tangazo la mbuzi waliopotea na picha za mkutano wa mgombea mmoja. Niliandika pole kama wenzangu walivyoandika, kisha nikabaki kitandani bila hamu ya kuamka. Katika umri wangu misiba imekuwa mingi mno, na neno hilo la pole nimeliandika mara nyingi hata halinitoki tena vizuri. Wanaosoma safu hii kwa miaka wanajua kwamba simwandikii kila anayetutangulia. Huyu nimeshindwa kumnyamazia.

Sikuwa ndugu yake wala rafiki wa karibu. Nilikutana naye miaka michache iliyopita katika ukumbi mmoja hapa Garsen, maofisa walipokuja kutueleza kuhusu waya mpya wa intaneti utakaofukiwa kando ya barabara. Walizungumza vizuri, wakatuonyesha ramani ukutani, wakasema serikali imeshatia saini na kampuni. Ndipo mama mmoja mzee wa Kipokomo, amejifunga leso mbili na kushika mkoba mapajani, akasimama polepole. "Mwanangu," akamwambia ofisa, "siku ninyi wawili mtakapogombana, serikali na kampuni, na habari zetu zikwame katikati, sisi tutamlilia nani?" Ofisa akatabasamu kwa adabu. "Mama, mambo hayo yote yamo kwenye mkataba." "Sikuuliza kama yamo. Nimeuliza sisi tumo wapi." Ofisa akasema wananchi watafaidika sana, watu wakapiga makofi, soda zikaletwa. Mama yule akaketi. Hakuonekana kuudhika, alionekana kama mtu aliyeuliza swali hilo zamani na kupewa jibu hilo hilo.

Nilimfuata nje, nikamwamkia, nikamwuliza imekuwaje akauliza vile. Akaniambia nikitaka kujua niende kwake Kilelengwani, maana miguu yake haistahimili kusimama juani. Nilikwenda. Alikuwa akichambua kunde uani, akanipa ungo nami nichambue, na huku mikono ikifanya kazi akanisimulia.

Katika miaka ya sabini alikuwa karani wa simu katika posta ya hapa. Simu wakati huo kwa watu wetu ilikuwa telegramu: maneno machache yaliyosafiri kwa waya, yakaandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa mwenyewe. Za humu nchini zilikuwa kazi ya posta. Za ng'ambo zilikuwa na mlango wake. Tangu wakati wa ukoloni serikali ilikuwa imepatana na kampuni ya kigeni, yenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, kwamba kila neno linaloingia nchini kutoka nje lipokewe kwanza na kampuni, kisha posta ikabidhiwe. Baada ya uhuru serikali ilitaka kuishika kazi hiyo yenyewe, na pande mbili zikakaa kuzungumza mkataba mpya. Mazungumzo yakawa marefu. Wakati wakubwa wakibishana nani ashike mitambo na nani amiliki jengo, simu za ng'ambo zilirundikana Mombasa. Kampuni ikasema haina tena amri ya kuzikabidhi, posta ikasema haina bado amri ya kuzipokea.

Ng'ambo ya mto, katika kijiji kimoja cha Waorma, kulikuwa na msiba. Kijana wao aliyekwenda Uarabuni kutafuta kazi alisemekana amekufa katika ajali ya lori. Habari ililetwa na msafiri, naye aliisikia kwa msafiri mwingine. Wazee walisoma dua, mkewe akakaa eda. Eda ilipokaribia kwisha, ikakatwa kauli kwamba arithiwe na shemeji yake, mtu mzima mwenye wake wengine. Mwanamke mwenyewe hakuulizwa. Mama Posta alizijua habari hizo kwa sababu baba wa marehemu alikuwa akija dirishani kila wiki kuuliza kama kuna neno lolote kutoka huko.

Basi siku moja karani mwenzake wa Mombasa, wakizungumza kwa simu ya kazini, akamwambia ameona katika rundo lile simu ya mtu wa Garsen. Akamtajia jina, nalo lilikuwa la yule baba aliyekuja dirishani kila wiki. "Nisomee," Mama Posta akasema. "Dada, hairuhusiwi. Tumeapa." "Najua umeapa. Nami nimeapa. Nisomee." Yule mwenzake akasoma: kijana yu hai, alikuwa hospitali, anaomba mkewe aambiwe.

Mto ulikuwa umefurika. Alifunga dirisha mchana, akamwomba mtu wa mtumbwi amvushe, kisha akatembea kwenye maji ya mafuriko mpaka kijijini, viatu mkononi. Wazee walimpokea kwa mashaka. "Mama Posta," baba wa kijana akamwuliza, "karatasi iko wapi?" Akajibu kwamba karatasi bado iko Mombasa. "Sisi tumesomea huyu dua. Tumechinja. Sasa wewe unakuja na mdomo tu, unasema yuko hai?" Akawaambia wakitaka wamwapishe kwa Biblia yake, lakini maneno aliyoyasikia ni hayo. Mzee akamtazama miguu yake iliyojaa tope, akainamisha kichwa, akaanza kulia. Mwanamke, ambaye alikuwa akisikiliza kutoka ndani, hakulia wala kupiga kigelegele. Alitoka na maji, akamnawisha mgeni miguu.

Ndoa ile ya urithi haikufungwa. Wiki kadhaa baadaye wakubwa wakapatana, na karatasi ikafika. Ndipo ikajulikana kwamba ujumbe ulikuwa umetoka kabla ya kukabidhiwa. Mama Posta aliondolewa kwenye simu, akahamishiwa Hola kuuza stempu, na huko akakaa mpaka alipostaafu. Mwenzake wa Mombasa alifukuzwa kazi. Hapo ndipo Mama Posta alipoacha kuchambua kunde. "Mimi nilibaki na mshahara," akasema. "Yeye alikuwa na watoto wadogo. Nilimlazimisha."

Na kijana? Hakurudi. Alileta habari mara mbili tatu, kisha akanyamaza. Baadaye ikasikika ana nyumba nyingine huko. Nilipomsikia Mama Posta akisema hivyo nilijisikia mchovu mwili mzima. Kazi yote ile, watu wawili kuharibiwa maisha, kwa ajili ya mtu ambaye hata nauli ya kurudi hakuitafuta. Nilimwuliza kama hakujuta. Akasema swali hilo si lake kulijibu.

Mwenye kulijibu, yule mwanamke aliyemnawisha miguu, nilimkuta kwenye mazishi. Alikuwa ameketi chini ya turubai pamoja na wanawake wa kanisani, mtandio wake wa Kiislamu ukionekana peke yake katikati ya sare za kwaya. Nilimwamkia, nikampa pole, nikamweleza swali nililomwuliza marehemu, nikamwomba radhi. Akanieleza kwamba alingoja miaka, na wakwe wakamnung'unikia miaka hiyo yote. Mwisho akaenda mwenyewe kwa kadhi na karatasi ile ya simu, ikawa ushahidi kwamba mume yu hai na amemtelekeza, akafunguliwa ndoa. Baadaye akaolewa na mtu aliyempenda, akazaa. "Watu husema Mama Posta aliniletea habari ya bure," akasema. "Wangenigawa nikiwa sijui kitu. Mimi nilingoja nikijua, na nikaacha kungoja nikijua. Hiyo ni bure?"

Nimeandika katika safu hii kuhusu mikataba mingi: ya maji ya mifereji kule Bura, ya mashamba ya delta, ya barabara, na sasa ya waya. Yote hutiwa saini na pande mbili, mbali na hapa, na kila upande una wakili wake. Siwalaumu wanaosaini, nchi haiendeshwi bila mikataba. Ila nimezeeka nikiona kwamba pande hizo zikipatana, sisi huambiwa tutafaidika, na zikikosana, sisi huambiwa tusubiri. Wanaposubiri watu, maisha hayasubiri: eda inakwisha, mashemeji wanakaa kikao. Mkataba hauna macho ya kuliona hilo. Anayeliona ni mtu aliyekaa dirishani, na mara nyingi akilitendea kazi huadhibiwa yeye.

Sina hakika kama tutapata siku moja mkataba unaotutaja sisi wa upande wa tatu. Nilichojifunza kwa mama huyu ni kidogo kuliko hayo, nacho kinanitosha kwa umri nilionao. Habari ya mtu ni mali ya mtu huyo hata kabla ya wakubwa kupatana nani aibebe, na kumfikishia ni wajibu wa yule anayeijua.