Rehema na Hati ya Wakala

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mawakili, Riyadh, nilidhani nimeitwa kupeleka mafaili. Nilikuwa dereva wa lori mtaa wa Al-Sulay, Kiarabu nimekiokota maghalani. Mkuu wa ofisi, tuliyemwita Ustadhi, akaniuliza, "Unakijua Kiswahili cha mabinti wa Kenya?" Nikasema mimi mwenyewe mtu wa Malindi. "Halas, basi. Wewe ni mkalimani."

Wakati huo uwakili ulikuwa unakua mbele ya macho yetu. Zamani mwenye ulimi wake alisimama kwa kadhi kumsemea jirani. Sasa ilitakiwa shahada na leseni. Ustadhi alifurahi mno. Kila akimimina kahawa: "Hata Japani ilianza hivi! Walipojenga mahakama za kisasa, kila msemaji alijiita mtetezi. Wakaweka mtihani, wakapata mawakili wa kweli. Subira, Malindi!"

Niliichoka hiyo Japani.

Nikahamishiwa tawi la Jeddah. Mpwa wangu Rehema alikuwa mfanyakazi wa ndani pale mtaa wa Al-Rawdah. Mama yake, dada yangu, akaugua sana huko nyumbani Malindi. Mkataba wa Rehema ulikwisha, lakini kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, hakumpa ruhusa ya kutoka nchini. Rehema akanipigia simu. "Mjomba, si uko kwa mawakili? Au unawapikia chai tu?"

Nikamwendea mkuu wa tawi, tumshtaki kafili. "Alete wakala," akasema. Hiyo ni hati ya kumruhusu wakili akusemee, na ni lazima ufike mwenyewe kwa mthibitishaji na ikama yako, yaani kibali cha ukaazi.

"Ikama anayo kafili, bosi."

"Basi kafili amlete."

"Kafili ndiye tunayemshtaki!"

"Utaratibu ndio huo."

Nikampigia Ustadhi. Akanianzia Japani.

Dada alifariki wiki ile ile. Kafili alipopata habari alisikitika kweli, akatoa ruhusa papo hapo. "Mbona hamkuniambia kuwa mama anaumwa?" Rehema alikuwa akimwambia kila asubuhi, akimpelekea chai.

Sasa nimestaafu, niko Malindi. Nasikia mawakili kule wamejaa, hata wanawake wana leseni. Ni jambo jema, siwezi kusema uongo. Juzi nikawa nawasimulia vijana habari za Ustadhi, Rehema anachambua mchicha kando yetu. Akanyanyua uso.

"Mjomba, hao Wajapani, ili wapate wakili, walimwomba ruhusa nani?"

Nikamwambia, "Mwanangu, hilo Ustadhi hakuwahi kulisema."