Kumshusha Mama Mkwe kwa Breki Nisiyoielewa

Ndugu zangu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, safari hii ilianza kwa sababu mama yake Chola, mke wangu, aliruhusiwa kutoka hospitalini Kawambwa baada ya majuma mawili ya homa, arudi kwake huku Kashikishi. Basi lingemvunjavunja, Chola alisema, na gari tunalo. Kweli tunalo: pikapu kuukuu nyeupe yenye mlango mmoja wa kijani. Mimi nilikubali kwa mdomo, lakini moyoni sikutaka kabisa, kwa ajili ya breki.

Siku nilipompeleka mama mkwe huko, nikirudi peke yangu, pedali ililegea katikati ya mteremko unaoshuka kuelekea Mbereshi. Mguu ulizama karibu kugusa sakafu, kama mtu aliyekanyaga mkate uliolowa chai. Nilifika bondeni kwa neema ya Mungu na gia ya kwanza. Asubuhi yake nikaenda kwa fundi wangu hapa Kashikishi, ba Mutale, yaani bwana Mutale. Akakanyaga pedali: ngumu. Akakanyaga tena: ngumu. Akanitazama mimi badala ya gari.

"Ba Ilunga, hii breki iko bwino, muzuri tu," alisema. "Njo weye ulichoka."

Hata hivyo aliifanya kazi yake. Alichungulia magurudumu yote manne kutafuta unyevu, pakavu. Mafuta ya breki kwenye kichupa cha gari hayakuwa yamepungua. Aliikandamiza pedali na kuishikilia hapo, maana masta silinda, ile pampu kuu ya breki, ikichoka pedali huzama polepole chini ya mguu; haikuzama. Akabadilisha mipira ya ndani ya silinda vilevile, akatoa hewa gurudumu baada ya gurudumu, akajazia mafuta ya breki kutoka kwenye dumu langu. Mnajua kazi yangu hapa sokoni: ninauza mafuta kwa kipimo, ya kupikia, ya injini na ya breki, na kila mteja hupata kipimo chake pamoja na mbasela, ile nyongeza ambayo huku asiyeitoa huonekana mchoyo. Basi nilizunguka Kashikishi siku nzima na pedali ikabaki ngumu. Sikuelewa kichwa wala miguu. Niliona aibu kumrudia ba Mutale na ugonjwa usioonekana.

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka, mimi na Chola. Barabara ya huku ni tambarare, mihogo imeanikwa pembeni mwa lami kijiji baada ya kijiji, na mimi kila baada ya mwendo kidogo nilikanyaga breki kuijaribu. Mara ya nne Chola alijigonga paji la uso.

"Unaona mbuzi?" aliuliza.

"Napima breki."

"Iko namna gani?"

"Iko muzuri," nilisema, na ndivyo ilivyokuwa, jambo lililozidi kunichanganya. Mwansabombwe tulinunua vitumbua. Mbereshi tukaiacha barabara ya bondeni tukaanza kupanda.

Kawambwa tulifika saa nne. Hapa lazima niwaeleze desturi. Kwa watu wa mke wangu, mkwe wa kiume hamsogelei mama wa mkewe, hamtazami usoni wala hamsemeshi, mpaka siku watakapomwingiza rasmi kwa chakula na sherehe. Mimi sherehe yangu imeahirishwa miaka sita. Kwa hiyo mama mkwe alitoka wodini amejifunika chitenge kichwani, akanipita akitazama ukuta. Akitaka neno linifikie, humwambia Chola kwa Kiswahili chake cha kuuzia samaki, kwa sauti ya kutosha watu wawili.

"Chola, ambia bwana yako, miye sitoke hapa bila maharagi yangu."

Maharagwe yenyewe yalikuwa magunia matatu, aliyoyanunua pale akayauze. Tukayapakia nyuma, tukatandika godoro, na mama mkwe akaketi juu yake akinipa mgongo, Chola ubavuni mwake. Kidirisha cha nyuma ya kichwa changu nilikiacha wazi. Ningeweza kusema wakati ule: mama, gari hili sina imani nalo. Nikawasha injini. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha ya gari nikiwa nimebeba mama wa watu.

Saa sita mchana tukaanza kushuka. Kona ya kwanza pedali ngumu, ya pili ngumu. Kabla ya kona ya tatu nikasikia harufu ya kuungua, na mguu ukazama. Nikapampu mara tatu, mara nne, hakuna kitu. Nikalazimisha gia ya pili, kisha ya kwanza, injini ikapiga yowe, nikavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili na kulisukumia gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto. Udongo uliparua ubavu mzima, ndipo tukasimama.

"Mayo!" ilitoka sauti nyuma. "Chola, huyu mutu anataka kutuua?"

Nilishuka. Chola alikuwa amemkumbatia mama yake, na gunia moja limewaangukia miguuni. Nikasema, "Breki haiko. Ilikuwako, sasa haiko."

Mama mkwe akajikongoja mpaka chini. Chitenge kilimwanguka mabegani na hakukirudisha. Akanitazama machoni, desturi au si desturi.

"Weye," aliniambia, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu nimuoe binti yake. "Ulijua?"

"Nilijua, mama. Lakini siyuwe ni nini. Fundi alipima, hakuona kintu."

Aliketi juu ya jiwe akihema. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Badala yake aliuliza kwa hasira, "Inalegeaka saa ngapi?"

"Namna gani, saa ngapi?"

"Miye, ku hospitali, asubui bananipima: hakuna kintu, mama, uko muzima. Kisha midi, saa sita, njo homa inakuya. Mpaka musichana moja akaniuliza, mama, inakuyaka saa ngapi? Bakapima ile saa, bakaiona. Sasa ule fundi yako alipima saa ngapi?"

"Asubui."

"Ikiwa baridi?"

"Ikiwa baridi, mama."

Akafyonya. Gari lilikuwa limelegea mara mbili, na mara zote mbili kwenye mteremko, magurudumu yakiwa ya moto. Hilo nilikuwa nalijua tangu mwanzo na hakuna niliyemwambia, hata ba Mutale. Nilimwambia tu kwamba pedali ni laini.

Tulikaa pale mpaka mikono ikaweza kugusa magurudumu bila kuungua. Nikakanyaga pedali: ngumu kabisa. Hapo nikachanganyikiwa upya, maana kitu kilichovunjika hakijiungi chenyewe kwa kupumzika kivulini. Mama mkwe hakuwa na nguvu za kutembea, kwa hiyo alirudi godoroni. Tukashuka kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu na miguu yake, Chola nyuma akitembea na jiwe la kuweka chini ya gurudumu, tukipumzisha gari kila kona.

Mbereshi tulifika saa tisa tukamkuta fundi wa kando ya barabara, bashi Mwape, yaani baba yake Mwape, amekaa na mbabula yake ya makaa akichoma mahindi. Safari hii nilieleza vizuri: inalegea ikipata moto, inarudi ikipoa. Hakugusa gurudumu hata moja. Alivuta mafuta kidogo kutoka kwenye kichupa cha gari kwa bomba la sindano, akayadondosha ndani ya kizibo cha soda. Kizibo cha pili akadondoshea mafuta ya chupa mpya, aliyoifungua palepale. Akaviweka vyote juu ya makaa. Yangu yalianza kutokota mara moja kama uji. Yale mapya yalitulia tu.

"Hii iko na maji mingi," alisema, akaviondoa. "Mafuta ya breki inakunywaka maji, bashikulu, hata ile ya mu hewa. Ikipata moto, maji inakuwa mvuke, na mvuke inafinyika, njo mguu unazama. Ikipoa, mvuke inarudia maji. Mulinunuaka wapi mafuta ya kuacha wazi hivi?"

Niliona dumu langu mbele ya macho, pale sokoni hatua chache kutoka ziwani, mdomo wake umezibwa kitambaa, kwa sababu kufunga na kufungua kifuniko kwa kila kipimo kunachelewesha wateja. Ba Mutale alikuwa ametoa ugonjwa kwenye gari na kuujaza uleule.

Bashi Mwape alimwaga yote, akasafisha mabomba kwa mafuta mapya, akatoa hewa upya. Saa kumi na nusu tukaondoka, na nilikuwa na furaha ya kutaka kuimba.

Karibu na Mwansabombwe tulikutana na pikapu ya bluu ya ba Chisenga, mteja wangu, imejaa akina mama wa kwaya wakielekea Kawambwa. Jumamosi nilimpimia mafuta ya breki na kumwongezea mbasela kubwa. Nikafunga njia kwa gari langu.

"Breki yangu iko muzuri sana!" ba Chisenga alicheka nilipomwuliza. "Kanyaga mwenyewe."

Nikakanyaga. Ngumu. Nikaanza kumweleza habari za moto na mvuke na vizibo vya soda, akina mama wakinicheka, naye akitazama jua. Nilieleza kila kitu isipokuwa mwenye mafuta. Muuza kipimo anaishi kwa jina lake, na nililipenda jina langu. Kisha kwaya ikaanza tena wimbo, ba Chisenga akatia gia, nikaona ataondoka.

"Ni mafuta yangu," nilisema. "Ile niliyokuuzishia njo ileile ilikuwa mu gari yangu. Niliiacha wazi, imekunywa maji. Leo nilibakiza kidogo kuua mama mukwe wangu na bibi yangu Chola."

Akazima gari. Wimbo ukakatika, na akina mama wakashuka mmoja mmoja bila kunitazama.

"Na bengine?" ba Chisenga aliuliza. "Uliuzishia nani tena?"

Nilifungua mdomo kuwataja, nikapata watatu tu. Kwa kipimo mtu huleta chupa yake, unamimina, unamwongezea, anakwenda. Humwulizi jina wala anakokwenda.

Nilichojifunza ni kwamba pedali ikilegea, mwambie fundi inalegea lini, hata kama unaona haya. Dumu nimelimwaga, na wale watatu nimewafuata. Lakini najua wenzetu wa Pweto huvuka ziwa na chupa kuja kwenye meza yangu, nanyi mna milima huko. Aliyenunua kwangu asiikanyage pedali asubuhi na kusema breki ni nzima. Mafuta hayo ayamwage leo.