Mkono wa Mama Kwenye Katuni

Mkono wa katuni yangu ulikuwa unatetemeka, na mimi sikuuwekea mtetemeko wowote.

Natengeneza katuni hapa Miembeni, Bukoba. Kamala, kijana wa Kahororo anayeoa, alitaka video ya bibi kizee wa katuni akiwakaribisha wageni wa harusi ukumbini kwa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna.

Nikamkumbuka mama yangu, yuko Izigo. Hakuna anayekaribisha mgeni kama yeye. Nikamwomba mdogo wangu Celina, anayeishi naye, amrekodi kwa simu akinyoosha kisahani cha akamwani.

Video ikaja. Nikaiingiza kwenye programu ifuatilie mkono, bibi wa katuni apate mwendo uleule. Programu ikaweka alama ya mwendo kwenye kila picha ya video, zimebanana kama siafu. Bibi akatetemeka balaa.

Sikushtuka. Alama zikizidi, hubeba na mtikisiko wa kamera. Nikasema huyu Celina naye, kushika simu tu kunamshinda.

Nikazifyeka. Nikabakiza alama tatu tu: mkono unapoanza, unaponyooka na unapotua. Ukateleza laini.

Kamala akafurahi. Nikamrushia na mama, kwa majigambo.

"Mkono mzuri, mwanangu," akajibu. Basi.

Mama si mtu wa maneno machache. Roho haikutulia, nikafungua tena video yenyewe.

Mlango nyuma yake ulikuwa umetulia tuli. Simu haikutikisika hata kidogo. Ni mkono wake, na kahawa zilikuwa zinarukaruka kisahanini.

Nikampigia Celina.

"Mama anatetemeka tangu lini?"

"Tangu Pasaka, kaka. Hospitali hataki. Siku hizi wageni nawapa akamwani mimi."

"Na hukuniambia?"

"Alinikataza. Ila siku ile ya kurekodi alisema nisogeze simu karibu na mkono. Alisema, 'Derick hukagua picha moja moja, ataona mwenyewe.'"

Nikaitazama tena ile katuni niliyoilainisha.

"Ulipotuma katuni," Celina akaendelea, "alisema umeona, ukaona aibu, ukamfuta."

Kesho yake asubuhi nilikuwa Izigo. Niliomba msamaha nimepiga magoti, na bado sijui kama aliniamini.

Naandika haya tukiwa kwenye benchi la hospitali, alikokubali kuja, tunasubiri daktari. Nimeushika mkono wake, unatetemeka ndani ya wangu.

Wewe unayesoma, mzazi akikutumia video, usikimbilie kuipamba. Huenda kile unachotaka kukifuta ndicho alichoshindwa kukwambia.